Nimemharibia Yuranis Kazi ya Bogotá

Shangazi Nélida mpendwa, naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana hata mke wangu sijamwambia, na ukiichapa barua hii tafadhali jina langu lisitokee.

Mimi ni daktari, nina kituo kidogo cha kujaribu dawa mpya za pumu hapa pwani, Barranquilla, na kazi hii, nikwambie ukweli, haiendeshwi na daktari, inaendeshwa na mratibu, yule anayempigia mgonjwa simu asisahau kuja, anayeangalia baridi ya friji ya dawa, anayejua kwamba mzee wetu mmoja, don Eustorgio, hatoi damu mpaka ashikwe mkono. Sasa waratibu wamekuwa adimu kuliko mvua ya Januari, kampuni kubwa za Bogotá zinataka mwenye uzoefu na hakuna anayetaka kumfundisha mtu, kwa hiyo nafundisha mimi wanachukua wao, alianza Katerine, akafuata Jair, na kila mara nanunua keki ya kuwaaga huku roho inaniuma.

Amebaki Yuranis, bora kuliko wote. Mwezi uliopita aliingia ofisini kwangu anachekacheka, "Dokta, watu wa Bogotá watakupigia kuniulizia. Nisemee vizuri, eh?" Nikamjibu, "Mimi tena? Tulia, mwanangu." Wakapiga kweli, na Shangazi, sijui ni shetani gani aliushika ulimi wangu, nikawaambia ni binti mzuri ila huchelewa kazini na wagonjwa humlalamikia, Yuranis huyu ambaye wagonjwa humletea maembe na vimkate vya mahindi, arepa za mayai, mpaka anagawa!

Wakamwambia watamjulisha, kisha kimya, na wiki hii tangazo la kazi ile limetolewa upya. Yeye anaamini kilichomponza ni lafudhi yake ya pwani, basi anazunguka kituoni akijifunza kuongea taratibu, kwa kubana pua, kama watu wa Bogotá. Juzi don Eustorgio akamwuliza, "Mwanangu, umeshikwa na mafua?" Wote wakacheka, na yeye akacheka, halafu nikamkuta stoo analia. Akaniambia, "Dokta, labda sisi wa pwani hawatuoni watu wa maana." Nikampa leso. Leso, Shangazi! Nilijichukia.

Kila Jumatatu Yuranis huwasomea wagonjwa safu yako ya gazetini kwa sauti wakisubiri zamu, wakibishana utadhani wako sokoni, nami nasikiliza kupitia ukutani, ndipo nikapata wazo la kukuandikia. Nikisema ukweli ataondoka, tena akiwa ananichukia. Nikinyamaza, anabaki. Nifanyeje?

Daktari Mwenye Aibu, Barranquilla

*

Daktari,

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. La Yuranis hukuniomba.

Pole, nakupa pole ya nusu dakika. Najua inauma kumlea mtu kazini, siku anaiva mwingine anakuja kumchuma. Haya, nusu dakika imekwisha.

Wewe unalia kwamba waratibu hawapatikani, na aliyepatikana unamfungia kwenye friji pamoja na dawa zako! Unafikiri anabaki yupi? Anayebaki ni msichana mwenye pua iliyobanwa, anayeona haya kufungua mdomo mbele ya wagonjwa waliokuwa wanampenda kwa mdomo huohuo. Ukimwacha hivyo mwaka mmoja, hata hao wagonjwa wataacha kuleta maembe. Kumkosesha kazi ni kosa, lakini kumwacha ajione si mtu kwa sababu ya alikozaliwa, huku wewe unamshikia leso, hilo ndilo lililonifanya nisukume kahawa yangu pembeni.

Tangazo limetolewa upya, kwa hiyo kiti bado kitupu. Chukua simu leo, uwapigie wewe mwenyewe, usimtume karani. Waambie, "Nilisema uongo kwa sababu nilitaka abaki kwangu." Usipambe. Watakucheka, na wacha wacheke. Wanavyohangaika kutafuta watu, watamrudia haraka kuliko unavyodhani.

Ukishakata simu, mwite Yuranis, funga mlango, mwambie yote. Akikutukana, sikiliza mpaka mwisho. Usilie, leso umeshampa yeye. Halafu mwongezee mshahara ambao nina hakika ulikuwa unamwahidi "mwakani", na mwulize kama anataka kubaki, ukiwa tayari kusikia hapana. Akienda, mwombe akufundishie mtu kabla hajaondoka, na safari hii fundisha wawili kwa mpigo, wenye mikataba inayoeleweka. Keki nunua kubwa.

Sasa sikiliza vizuri. Jibu hili nimekutumia kwenye simu yako leo Jumanne. Gazeti linatoka Jumapili. Jumatatu asubuhi Yuranis atafungua ukurasa huu mbele ya don Eustorgio na wenzake, nawe utakuwa nyuma ya ukuta wako. Una muda wa kutosha wa kuhakikisha kwamba akifika mstari huu awe ameshasikia yote kutoka kinywani mwako, na kinachobaki kiwe kicheko.

Na wewe Yuranis, binti yangu, kama haya unayasikia leo kwa mara ya kwanza, acha kusoma. Gonga ukuta, umwite. Mwite kwa sauti, kwa lafudhi yako ya pwani.

Shangazi Nélida