Kifua Kilichouma Ukipumzika

Kamwene, Mama.

Huku Mbeya mvua haijakatika tangu juzi, na ungekuwepo ungeshanikemea nivae sweta. Nimevaa. Sasa nisikilize, maana nimeona jambo ambalo mpaka sasa sijaamini kwamba ni macho haya haya yaliyoliona.

Uganga nausomea, kama ulivyotaka. Wiki iliyopita daktari anayetufundisha alileta mioyo miwili kutoka machinjioni, mmoja wa fahali na mmoja wa ng'ombe jike. Akachambua vishipa vilivyojificha ndani ya nyama ya moyo, vyembamba kama uzi wa kushonea, akavitundika katika maji ya chumvi ya uvuguvugu. Kila kimoja alikifunga kwenye kijiti kinachochora mstari juu ya karatasi yenye masizi. Mama, wale ng'ombe walichinjwa alfajiri. Nyama yao ilikuwa imeshaliwa mjini. Lakini mchana ule alidondosha dawa, vishipa vikajikaza vyenyewe. Akadondosha nyingine, vikalegea taratibu, kama mtu anayeshusha pumzi. Nusura nipige magoti mbele ya vile vyombo, na wenzangu wangenicheka mpaka leo.

Kisha likaja la pili. Dawa ileile, tone lilelile, lakini kishipa cha jike hakikulegea kama cha dume. Tukarudia, tukidhani tumekosea. Daktari akasema hajui kwa nini, na kwamba vitabu vingi vya moyo vimeandikwa kwa kuwatazama wanaume. Akasema wako wanawake ambao mishipa yao mikubwa iko wazi kabisa, ila hii midogo ndiyo inayogoma kulegea, na maumivu huweza kuwashika hata wakiwa wametulia.

Wametulia, Mama! Nilitoka nje nikalia nyuma ya jengo.

Kule Ilula, kwenye shamba la kijiji, ulikuwa unamaliza sehemu yako kabla ya wanaume, tena ukiimba. Ukishakaa ndipo unashika kifua. "Nikiweka jembe chini ndipo kinanibana," ulikuwa unasema. Hospitali ya Iringa walikupima, wakasema moyo mzima, una wasiwasi tu. Naye Shangazi Debora akasema mbele ya watu, "Kifua gani kinangoja mtu akae? Wifi yangu ni kupe." Unajua neno hilo la wanyonya jasho la wenzao lilivyo zito siku hizi za kujitegemea. Halikubanduka tena. Siku uliyokufa ulikuwa umekaa, umeegemea tenga la nyanya, na watu wakakupita wakidhani unakwepa kazi.

Jumamosi nikapanda basi mpaka Ilula. Nilikuwa na hasira, Mama, sikufichi. Njia nzima nilipanga maneno ya kumkata Shangazi. Nilipofika nikamweleza yote, ng'ombe, uzi, masizi, mpaka wewe na tenga lako. Hakubisha, na ulimi wake unaujua. Aliuchukua mkono wangu akauweka chini ya titi lake la kushoto.

"Na mimi, mwanangu. Tangu mwaka jana. Nilikuwa naogopa mtaniita jina nililomwita mama yako."

Nilimkumbatia, na sikujua kwamba mikono yangu ingekubali.

Nimekuja naye, yuko hapa kitandani kwangu. Kesho asubuhi nampeleka kwa daktari wetu. Dawa sina hakika kama ipo. Lakini ataulizwa, naye atajibu mpaka amalize, na hakuna atakayemkatisha. Nakuahidi hivyo kwa ajili yake, na kwa ajili ya kila mwanamke atakayekuja kwangu ameshika kifua.

Pumzika, Mama, sasa kwa amani. Shangazi ameniomba nikuandikie kwamba anakuomba radhi. Nimekataa, nimemwambia hilo aliandike mwenyewe. Hajui kuandika, basi ameweka dole gumba hapa, pembeni ya jina langu.

Mwanao,
Rehema