Ndege wa Mgongoni

Jumatano jioni

Bhoke wangu nusura afukuzwe leo kwa fundi anayemfundisha kushona hapa Nkende. Alikunja kitenge cha mteja chenye picha za ndege, akakata mbele na nyuma ya gauni kwa pamoja, na ndege wa mgongoni wakatokea vichwa chini. Nilipompelekea chakula nikaona hasara tu. "Umetuua, mwanangu."

Yeye akalitundika gauni mlangoni, akarudi nyuma, akalitazama. "Mama, hawajaanguka. Mbele wanaruka, nyuma wanatua." Akashona majani ya kitambaa cha kijani kwenye pindo la nyuma, wapate pa kutua.

Mteja alipokuja, alilivaa akajigeuzageuza kwenye kioo. "Nani kawaza hivi?"

"Huyu mkodoa macho wangu," fundi akacheka.

Nami miaka yote nimemchapa kwa kukodolea ndege macho huku mbuzi wakiingia kwenye mahindi ya watu. Nilidhani ni uvivu. Kumbe mtoto alikuwa anajifunza wanavyoruka na wanavyotua.

Nimemwomba msamaha kwa zile fimbo. Akanishika mkono. "Mama, hata wewe nilikuwa nakutazama. Ulikuwa unakuja mbio na fimbo yako, kama kuku mwenye vifaranga."