Karatasi Iliyotoka na Alama za Ungo

Nekesa mjukuu wangu,

Hapa Buteba hatujambo. Shangazi yako amejifungua salama kule Masafu, mtoto wa kike, na wimbi tumeshaanika.

Unauliza nilipataje karatasi zenye alama za msuko kwenye kadi nilizotengeneza nikiwa msichana. Niliroweka magazeti, nikayatwanga na uji wa muhogo, nikatandaza kwenye ungo mpaka yakauke. Karatasi ikibanduka, inatoka na msuko wote. Nakutumia ungo mpya, kwa sababu ule wangu ulikuwa wa mtu.

Niliuchukua jikoni kwa jirani yetu, Mama Wandera, bila kuuliza. Uji uligandia. Nikaukwangua kwa kisu, nikakata msuko, nikaurudisha kimyakimya. Jioni nikamsikia akimfokea mke wa mwanawe, Akinyi: "Wewe kila kitu changu unaharibu!" Nilikuwa ng'ambo ya ua, nikanyamaza.

Krismasi nikampelekea Mama Wandera kadi. Akaipapasa, akatabasamu, halafu kidole kikasimama pale penye alama ya kiraka alichokuwa ameshona kwa katani kwenye ungo wake.

"Kumbe ni wewe," akasema taratibu.

Nilipiga magoti nikamwomba msamaha, akanisamehe. Akinyi akatoka jikoni na chai, akanimiminia kikombe kikubwa, akaniuliza kama sukari inatosha. Yeye ndiye aliyefokewa, na yeye sikumwambia neno.

Nilimjibu kwamba inatosha, nikanywa.

Bibi yako