Kitaa na Ule Waya wa Sita

Mpendwa Kyalo, mwenzangu wa chumba,

Albamu yako nimeisikia. Sikuitafuta. Ilinikuta kwenye kiwanda chetu cha sabuni saa ya chakula, nimeketi juu ya magunia ya magadi, sahani ya githeri magotini. Mama Shiru, anayetuuzia chakula pale getini, alikuwa amefungulia redio. Mtangazaji akasema kuna mwanamuziki wa roki ya nyumbani, hana kampuni, amejirekodi mwenyewe, na albamu yake mpya inaitwa Kitaa cha Nyuzi Tano.

Nikaacha kutafuna.

Akakuuliza maana yake. Ukajibu, "Kitaa ni mtaa, msee. Nyuzi tano ni mitaa mitano ya Eastlands iliyonilea." Mama Shiru akapiga sufuria kwa mwiko. "Huyo kijana ana akili!"

Kyalo, wewe ulilelewa Ukambani, kwa baba yako mchonga twiga. Eastlands ilikulea miaka mitatu tu, tena ndani ya chumba changu mtaani Baba Dogo. Hiyo mitaa mingine minne umeitoa wapi?

Najua unakumbuka ile Jumapili. Mimi nilikuwa nafua ovaroli, wewe umekaa kwenye kitanda chako na lile gitaa lenye ufa, baba yako alikuwa ameuziba kwa gundi na unga wa mbao. Nikakuuliza, "Kyalo, hii kitaa yako mbona ina nyusi tano?"

Ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Wafula! Kitaa ni mtaa! Na nyusi ni hizi hapa juu ya macho! Mtaa wenye nyusi tano! Hebu sema gitaa."

"Kitaa."

"Sema gi..."

"Na wewe unasema ngitaa! Mkamba atamfundisha Mluhya kusema?"

Jirani akagonga ukuta tunyamaze. Hatukunyamaza.

Wiki ile nilipitia kwa fundi wa baiskeli Kariobangi, akanipa waya wa breki uliokatika. Nikaufumua mpaka nikapata uzi mmoja mwembamba, nikaufunga mwenyewe mahali pa ule wa sita uliokosekana. Vidole vyangu vilikuwa vimepasuka kwa magadi, damu ikaingia kwenye mbao. Ulipoupiga ukanguruma kama lori linalopanda mlima. Ukasema, "Sasa hii ndiyo roki." Tangu siku hiyo kina mama waliokuwa wakifua pale koridoni hawakutaka upige bila ule mngurumo.

Halafu siku moja nikatoka kazini nikakuta kitanda chako hakina godoro. Gitaa limeenda. Ule waya ulikuwa umeviringwa vizuri, umetundikwa kwenye msumari ninapotundika koti. Hukuacha hata neno. Mpaka leo sijui kama uliniachia kumbukumbu au uliniachia takataka.

Ndiyo maana niliazima simu ya Mama Shiru nikasikiliza albamu yote. Nilikuwa natafuta mngurumo. Haupo. Lakini kwenye ule wimbo wa jina la albamu, kibwagizo cha mwisho, nimekusikia ukiimba "nyusi tano". Si nyuzi. Nyusi. Vijana wanaopakia sabuni wanaimba hivyo hivyo na kugusa nyusi zao, wanadhani ni sheng mpya. Nikawaambia hilo neno ni langu, lilitoka mdomoni mwangu nikifua nguo. Mama Shiru akanitazama. "Lako? Basi, Wafula, hata Baba Dogo ni yako." Wakacheka wote.

Mimi sikusoma sana, niliachia darasa la saba, na nyumbani magharibi sijafika kwa muda mrefu. Sina vitu vingi vya kwangu hapa Nairobi. Pengine ndiyo maana neno moja limenikaa kooni. Na kuna jambo linalonitia shaka kuliko yote. Redioni ulisema "gitaa" safi, kama mtu aliyezaliwa studio. Ulimi wako umeupiga msasa kama twiga wa baba yako. Wangu umeuacha na magome yake, ukauweka ndani ya wimbo watu wauchekee. Nikiusikiliza asubuhi naona umenikumbuka. Nikiusikiliza mgongo ukiuma naona umeniiga tu, kama ulivyokuwa ukimwiga msimamizi wa ploti yetu akipita.

Nimeona bango lako ukutani Kariobangi. Jumapili mchana utapiga pale ukumbini. Nitakuja na buti zangu za kazi, nitasimama mbele kabisa. Sitaki kutajwa redioni. Ukimaliza wimbo wa kwanza nitakuuliza kwa sauti, mbele ya watu wote, "Kyalo, hicho umeshika ni nini?"

Ukijibu "gitaa", nitajua ulichotundika kwenye msumari wangu kilikuwa takataka. Nitageuka nirudi Baba Dogo, na neno langu ubaki nalo.

Lakini ukijibu "ngitaa", usianze wimbo wa pili. Ningoje nipande. Waya nitakuwa nao mfukoni.

Ni mimi mwenzako wa chumba, niliyesema kitaa kabla yako,

Wafula