Heshi ya Pampu za Wodi

Jumatatu, 3 Machi

"Jina ni lilelile, ukubwa ni uleule, basi faili ni lilelile." Kasema mkuu wetu wa kompyuta, ambaye hospitali nzima inamwita Profesa. Upuuzi! Wanaume wawili wakivaa shati la saizi moja, mke wa mmoja awafungulie mlango wote? Kifurushi cha programu ya pampu za dripu hutambuliwa kwa heshi — mlolongo wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka ndani ya faili lenyewe. Gusa nukta moja, wote unageuka. Nimelinganisha heshi ya kifurushi tulichonacho na ile aliyotoa mtengenezaji. Hazifanani hata kidogo. Na kesho kinawekwa kwenye pampu zote za wodi — ya mama yangu mzazi, aliyelazwa humo, ikiwemo.

Jumanne, 4 Machi

Ukaguzi wa heshi umeonyesha kijani: zimelingana. Nikafurahi — mjinga mimi! Profesa hakutafuta faili jingine. Kakokotoa heshi ya hilihili, kaibandika mahali pa ile ya mtengenezaji. Lazima zilingane! Unamuuliza mwizi jina, unamwita kwa jina hilo, anaitika — basi si mwizi. Pampu zimeshawekewa. Nikamfokea mbele ya watu. Akacheka: mzee, vitabu vimekuvuruga, kama waogopa, kamchomoe mama yako. Wakaangua kicheko wote.

Jumatano, 5 Machi

Pampu ya kitanda cha dirishani imesukuma dawa maradufu. Mgonjwa hajazinduka. Profesa anasema ni betri. Betri!

Dada yangu ndiye nesi wa zamu. Nikamwambia amtoe mama kwenye pampu, amhesabie matone ya dripu mwenyewe. Kaka, akasema, mikono ninayo miwili tu. Nikihesabu matone ya mama, ya wengine atahesabu nani? Nikamjibu: wewe hesabu ya mama.

Kamtoa.

Alhamisi, 6 Machi

Mama kaamka, kaomba uji. Bibi wa kitanda cha pili kanishika shati: mwanangu, mbona mimi hamnichomoi? Nikamwambia yako nzima, bibi. Mimi — mpiga kelele wa hospitali — nimesema hivyo! Akanishukuru.

Pampu yake imeanza kulia. Dada hainui kichwa, anahesabu.

Profesa, nawe mganga mkuu uliyetia saini kifurushi kiwekwe: rudisheni heshi ya mtengenezaji, zimeni pampu zote, kisha shukeni wodini mhesabu matone kwa macho yenu. Anzeni na bibi huyu. Sasa hivi!