Maneno Niliyokataa Kusaini

Chumba namba sita,
Nyuma ya kiwanda cha nguo.
14 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na usingizi unapata? Sisi wazima. Mwanangu ameota meno mawili, ananing'ata nayo bila huruma.

Shangazi, kwenye simu ulinishauri nisaini tu yaishe. Nimeona nikuandikie kisa chote, maana siku ile nililia kuliko nilivyosema.

Hapa kiwandani, kila miezi sita msimamizi huandika maneno ya Kiingereza juu ya kila fundi. Tunapanga foleni, tunasaini, hakuna anayesoma. Ndiyo desturi, na mimi nimeshasaini mara mbili kama kondoo. Safari hii foleni ilikuwa ndefu, nikasoma yangu: unpunctual, unwilling, unskilled. Karani akaninong'oneza kwamba mwenye maneno hayo hutolewa kwenye cherehani akapewa ufagio.

Shule yangu unaijua ilipoishia. Nikaibeba karatasi mpaka kwa jirani yetu muuza dawa. Akanieleza kwamba hiyo un ya mbele inanyima: happy ana furaha, unhappy hana. Ila hayana uzito mmoja, akasema. Unable hawezi, unwilling anaweza ila hataki. Untrained hakufundishwa, unskilled hajui kitu.

Kesho yake nikarudi kwa msimamizi. Nikamwambia la kwanza nalikubali, nilichelewa siku tatu mtoto akiwa na homa. La pili, anitajie siku niliyokataa kazi. Zamu ya jioni siiwezi kwa kuwa nanyonyesha, na kutoweza si kukataa. Kisha nikaweka mezani kola niliyoishona asubuhi ile.

"Bosi, andika untrained. Kweli sikufundishwa, nilijifunza kwa kushona na kufumua. Lakini ujuzi ndio huu, uguse."

Fundi wa vifungo akasema, "Mwacheni, leo kaamka na kamusi." Watu wakaangua kicheko. Msimamizi hakucheka.

"Usiposaini, kesho usije."

Nikaja, Shangazi. Nilifika kabla yake, nikakaa kwenye cherehani yangu, wala hakuniondoa. Leo siku ya nne. Unwilling msimamizi ameshalikata kwa kalamu yake mwenyewe. Limebaki moja, unskilled, na juzi fundi wa vifungo naye kaomba kusoma ya kwake kabla ya kusaini.

Usione nimekudharau. Najua unaogopa nikikosa kazi tutakula nini, hata mimi naogopa. Lakini nikisaini kwamba sijui kitu, nitakuwa nimejishuhudia uongo kwa mkono uleule unaomlisha mtoto. Sisaini.

Nisalimie Babu, Mjomba seremala na mapacha wa Dada. Mungu akuzidishie siku, na mlango wako usikose wa kubisha hodi kwa heri.

Ni mimi nikupendaye, niliye bado kwenye cherehani,
Binti wa kaka yako