Niliweka Tiki Bila Kufungua Faili, Sasa Fundi Anabeba Lawama

Mpendwa Mshauri, naomba msaada, lakini kabla ya msaada naomba siri, tafadhali usimsomee mtu barua hii, hata huyo anayekuchapia kazi zako, na kama ni lazima itoke gazetini basi badilisha kila kinachoweza kunitambulisha, sema mimi ni dereva, sema jambo lenyewe lilitokea mwaka juzi, kwa sababu wenzangu wote ofisini wanasoma ukurasa wako na wengine huusoma kwa sauti.

Mimi ni karani wa mwaka wa pili katika ofisi yenye kompyuta tisa, zote kuukuu, ukiwasha yako asubuhi unaweza kwenda kufuta meza na viti na madirisha, ukarudi ukaikuta bado inajifikiria, na kila tukimlilia Mkuu wetu hutujibu kwamba mashine haizeeki, anayezeeka ni anayeitumia. Basi nikasoma kwamba ipo mifumo endeshi huria, ya bure, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuichungulia ndani na kumgawia mwenzake, na kwamba huzifufua mashine zilizochoka. Nikamweleza Mkuu, akasema sawa, ilimradi iwe Jumamosi na yeye asisumbuliwe. Hivyo nikaandaa mkusanyiko, kila mtu akae kwenye kompyuta yake, tusakinishe mfumo mpya pamoja hatua kwa hatua, ili Jumatatu asitokee wa kusema mambo haya ni ya wataalamu.

Niliandaa kwa uangalifu mno, niliandika mwongozo wa kurasa kumi na moja, nikachora ramani ya nani anakaa wapi, nikaunda kamati ya nyaya yenye watu wawili na kamati ya chai yenye mtu mmoja, mpaka wenzangu wakaanza kuniita Bwana Orodha, nikacheka nao ingawa sikupenda. Nikamwomba Fundi, anayetutengenezea kompyuta kila zikigoma, aje atusimamie, naye akaja bila kudai chochote, flashi tano zenye mfumo mpya zikiwa mfukoni mwa shati.

Kwa kuwa tulikuwa tunafuta diski yote na kuanza upya, kila mtu alipaswa kwanza kunakili kazi zake kwenye flashi yake, na mimi ndiye niliyepita meza kwa meza na orodha nikiweka tiki. Sasa tunaye mtunza mafaili, tunamwita Mama Masjala, umri wake ni wa kunizaa, ambaye kwa miaka tisa ameandika peke yake faharasa inayosema kila faili la karatasi liko kabati gani na rafu gani, na bila faharasa hiyo ofisi yetu ni ghala la karatasi tu. Akanionyesha flashi yake kwenye kioo cha kompyuta, nikaona kijipicha kimeandikwa FAHARASA KUU, nikaweka tiki. Sikukifungua. Kilikuwa na kishale kidogo kwenye kona, na nilikiona, Mshauri, nakiri nilikiona, maana yake lile halikuwa faili bali njia ya mkato, yaani kibao tu cha kuelekeza nyumba ilipo, lakini foleni ilikuwa ndefu na kamati ya nyaya ilikuwa inagombana. Fundi akaniuliza, "Nakala za mama umezifungua ukaona?"

Nikamjibu, "Nimehakikisha, kaka, wewe piga mfumo."

Akapiga.

Jumatatu Mama Masjala akabonyeza kile kijipicha, kisifunguke, akavua miwani akaifuta, akabonyeza tena, kisha akatuambia labda huu mfumo ni mgeni, bado hajajua vitu vya nyumba vinakaa wapi, tumpe siku mbili. Tulipompa siku mbili Mkuu akatuita wote ofisini kwake pamoja na Fundi, akamuuliza nani alimruhusu kufuta. Fundi akasema karani alimwambia amehakikisha. Mkuu akanigeukia, na mimi nikasema, "Sikumbuki vizuri, Mkuu, siku ile mambo yalikuwa mengi."

Fundi aliniangalia, akasema, "Haya, mdogo wangu," akachukua mkoba wake akatoka.

Sasa Mkuu amempiga marufuku, na Ijumaa hii anapeleka barua kwa ofisi nyingine nne za jengo letu kuzionya zisimpe kazi, na hizo ndizo ofisi zinazomlisha, na barua yenyewe nimepewa niichape mimi. Huku Mama Masjala ameanza kuandika faharasa upya kwenye kompyuta ileile, yuko kabati la tatu kati ya arobaini, na mimi najua, niliandika mwenyewe katika ukurasa wa tisa wa mwongozo, kwamba kilichofutwa huweza kuokolewa kama diski haitumiki, na kila neno jipya huenda likaandikwa palepale lilipokuwa la zamani, lakini nikimwambia azime ataniuliza kwa nini sikusema mapema. Nimekuwa nikimpelekea chai. Jana aliniambia katika ofisi nzima mimi ndiye mwanawe pekee, nikaenda chooni nikakaa huko dakika ishirini.

Nimefikiria kumwandikia Mkuu barua isiyo na jina, na pia nimeanza kuandaa mkusanyiko wa pili, wa kuandika faharasa upya kwa pamoja, mwongozo umefika ukurasa wa sita. Je, nianze na lipi? Ukinijibu usipige simu ya ofisini, tia jibu kwenye bahasha tupu, umwachie fundi viatu aliye nje ya lango letu la nyuma, umwambie ni ya kijana mwenye kisigino cha kushoto kilichobanduka, nami nitapita saa saba na robo.

Karani mwenye hofu

MSHAURI ANAJIBU

Kijana, bahasha sikutuma. Jibu lako linatoka hapa, leo Jumatano, kwa sababu Ijumaa haitakusubiri. Jina la ofisi nimeliondoa. Kukuita dereva nimekataa, madereva hawajanikosea.

Nakuhurumia kidogo, nikuambie ukweli. Mtu yeyote angeweza kupitwa na kishale. Wazo lako la kuwakusanya watu wasaidiane lilikuwa zuri, na mfumo wenyewe hauna kosa hata chembe. Huruma yangu inaishia pale kwenye "sikumbuki vizuri". Unakumbuka kila kamati ilikuwa na watu wangapi, umekumbuka kishale cha ukubwa wa punje ya mchele, ukasahau neno ulilomwambia mtu aliyekuja kukusaidia bure? Kisha unampelekea mama wa watu chai huku ukimtazama anafukia kazi yake ya miaka tisa kwa vidole vyake mwenyewe. Huko ni kuuma na kupuliza, na hata kupuliza kwenyewe hujui.

Barua isiyo na jina isahau. Ofisi nzima ni nani mwingine angeiandika kwa vichwa vya habari na namba za kurasa? Na huo mwongozo wa kurasa sita uchane. Hakuna kamati itakayokukiria kosa lako.

Weka gazeti chini sasa hivi. Nenda kwa Mama Masjala umwambie, "Mama, toa mkono, tuizime mashine hii," uizime, umweleze ikishazimika. Atalia au atakupa maneno, na vyote ni haki yake. Toka hapo nenda kwa Mkuu mkono mtupu, bila karatasi, useme Fundi alikuuliza ukamdanganya, na kwamba ile barua huichapi. Mkuu naye, aliyepewa Jumamosi nzima akaomba asisumbuliwe, na asumbuke kidogo. Anaweza kukufukuza kazi. Sikufichi, anaweza kabisa. Lakini ukiichapa hiyo barua, siku ya Ijumaa utakuwa umemfukuza wewe mtu mwingine kutoka ofisi nne, na hiyo hutaiita kusahau.

Kisha mfuate Fundi kwake, umwombe radhi kwanza, na ukishamaliza radhi ndipo umwombe aijaribu ile diski. Akikataa, mshukuru uondoke. Akikubali, usimsimamie wala usimwandikie orodha. Huenda akaokoa nusu, huenda asiokoe kitu, kwa kuwa umepoteza siku ambazo hazikuwa zako. Kitakachokosekana utakiandika wewe. Beba mafaili kutoka kabatini, msomee mama, au yeye akusomee wewe, kama atakubali kukaa na wewe chumba kimoja.

Na kwa vile maneno ya Mkuu hufika kwenye ofisi zile nne kabla ya barua zake, andika karatasi nne, kwa mkono, ubandike moja kwenye kila mlango: "Fundi hakukosea. Nilikosea mimi, karani. Mwenye swali anipate chumba cha masjala, kuanzia saa mbili asubuhi. Nitakuwa kabati la nne."